Mhariri, watoto wetu nao wana haki ya kulala Boonesborough

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nimjibu ndugu yetu aliyeandika majuzi kwamba sisi tulioko Marekani tumezidi kuiga uzungu. Alisema tunaacha nyumba zenye vitanda na kanisa la Jumapili, tunakwenda kulala porini na watoto, tena kwa kulipia, na kwamba mtu aliyewahi kukimbia vita akaishi chini ya turubai hana sababu ya kurudi kwenye hema akiwa na akili timamu. Sikumkasirikia. Maneno karibu hayo hayo niliyasikia sebuleni kwangu, kutoka kwa mama yangu mzazi, wiki ile ile tulipokuwa tunafunga mizigo. Ndiyo maana nataka kumjibu kwa heshima na kwa kirefu kidogo.

Mimi ni Mkongomani wa Fizi, Kivu ya Kusini. Vita vya 1996 vilituvusha Ziwa Tanganyika, na kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ndiyo iliyonilea, ikanisomesha, na ndiko nilikoolewa. Tangu 2016 naishi Lexington, jimbo la Kentucky. Mji huu una Wakongomani wengi. Ukikaa kituo cha basi au ukipanga foleni dukani utasikia Kiswahili, na walimu wa hapa wamezoea kuona barua za shule zikipelekwa nyumbani kwa Kiingereza, Kihispania na Kiswahili. Kazi yangu ni ukalimani: hospitalini, shuleni, mara nyingine mahakamani. Gazeti lenu nalisoma kwenye simu nikiwa nasubiri mgonjwa aitwe.

Tulikwenda Fort Boonesborough, hifadhi ya jimbo iliyo kando ya mto Kentucky. Kutoka Lexington unashika barabara kuu namba 75 kuelekea kusini, unachepuka kwenye njia ya kutokea namba 95, kisha unafuata barabara ya 627 mpaka karibu na mto. Sufuria ya sombe niliyoifunga kwa kanga ilikuwa bado ya moto tulipofika. Kuingia katika hifadhi za jimbo hili hakulipiwi. Unacholipia ni kiwanja cha kuweka hema, na boma la kihistoria lina kiingilio chake. Viwanja vingi vina meza, mahali pa moto na umeme, na maji na bafu viko pale pale. Nayataja haya kwa sababu kuna watu wetu wanaodhani sehemu hizi ni za matajiri au zinataka kibali maalumu. Hazitaki. Ukiwa mkazi, ukiwa mgeni, ukiwa mkimbizi aliyefika mwezi jana, unaweka nafasi yako kama mtu mwingine yeyote na mlango uko wazi.

Sasa nirudi kwa mama. Alipoona hema limeletwa ndani alilitazama, akasema, "Miye nimelala mu turubai miaka yote ile, wakanitoa, sasa we unanirudisha na feza yako?" Nikamwambia asije kama hataki. Akasema atakuja kwa ajili ya wajukuu, lakini yeye atalala ndani ya gari.

Tulipofika kiwanjani, mume wangu na kijana wetu wakaanza kuhangaika na zile fimbo na kamba, kila mmoja akisoma karatasi ya maelekezo kivyake. Mama alivumilia kidogo tu. Akashuka garini, akashika kitambaa cha hema akakisugua katikati ya vidole, akageuza pindo kuangalia mshono. Akauliza upepo unatoka wapi. Akatembea kiwanja kizima huku akiinamisha kichwa, akitafuta maji yatapita wapi mvua ikinyesha, akasema mlango ugeuzwe na hema lisogezwe upande wa juu. Kisha akaomba jembe achimbe mtaro kuzunguka hema. Mjukuu wake akamwambia huku hawataki watu wachimbe. Akasema basi ndiyo maana nimesema lisogezwe. Ardhi ya pale chini ya kokoto ni ngumu, vigingi vilikuwa vinapinda; akaokota jiwe, akakiinamisha kigingi kichwa kikitazama mbali na hema, akakipiga polepole mpaka kikashika. Akarudia kwenye kona zote, na kila kona alivuta kamba mara moja kwa kidole kuisikiliza.

Naomba msomaji anielewe kwa nini hili ni kubwa kwangu. Watoto wangu wamemjua Koko wao, yaani bibi yao, kama mtu wa kusaidiwa. Wao ndio wanaomsomea barua, wanaompigia simu kwa daktari, wanaomwonyesha kitufe cha lifti. Jioni ile walimwona akifanya kitu ambacho hakuna mtu mwingine pale alikijua vizuri kuliko yeye. Familia iliyokuwa jirani yetu, wazungu wa makamo, walikuja kuuliza kama anaweza kuangalia na hema lao lililokuwa limelegea. Alikwenda, nikamfuata kutafsiri, ingawa hapakuwa na kikubwa cha kutafsiri.

Usiku, moto ulipowaka, ndipo watoto walipouliza yeye alijifunzia wapi. Akawaeleza. Aliwaambia jinsi familia zilivyopewa maturubai na kuelekezwa pa kuyafunga, jinsi mvua ya kwanza ilivyomfundisha kuhusu mtaro, jinsi siku za mgao watu walivyopanga foleni na kadi mkononi wakisubiri unga, maharage na mafuta, na jinsi wanawake walivyoogopa kwenda kutafuta kuni mbali. Aliwaambia habari za mdogo wangu aliyefariki kule, ambaye picha yake hatuna. Tangu tuje Marekani nilikuwa nimejaribu mara nyingi kumfanya mama awasimulie wanangu hayo, mezani, siku za sikukuu, na alikuwa akikwepa. Sijui daktari wa akili angesemaje. Mimi nasema alihitaji kuwa na kigingi mkononi kwanza. Na kuhusu gari, hakulala humo. Alilala hemani na mjukuu wake wa kike, akiwa amejifunika vitenge viwili na blanketi.

Hiyo ni sehemu ya kwanza ya jibu langu. Ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Boonesborough ni mahali pa historia. Jina limetokana na Daniel Boone, mwindaji mzungu aliyewaongoza walowezi kuingia Kentucky, ambaye kila mtoto anayesoma shule Kentucky lazima amchore akiwa na bunduki ndefu. Kijana wangu alipokuwa darasa la nne alirudi nyumbani na mchoro wa namna hiyo, nikamuuliza katika hadithi hiyo watu weusi walikuwa wapi. Akasema, "Mama, bado walikuwa hawajaja." Hakufundishwa uongo, alifundishwa nusu, na ile nusu nyingine akaijaza mwenyewe. Mtoto anayeamini kwamba watu wa rangi yake walifika mwishoni, hadithi ikiwa imeshakwisha, atajiona mgeni hapa hata akipewa pasipoti kumi.

Kwa hiyo kabla ya safari nilikaa nikasoma, na Jumamosi asubuhi tulipopanda kwenye boma nilikuwa na la kuwaambia. Boma lenyewe limejengwa upya kwa magogo mwaka 1974, mlimani kidogo. Lile la asili lilikuwa chini karibu na mto, na pana alama za kumbukumbu. Ndani kuna vijumba vimepangwa kuzunguka uwanja, na kwenye kona kuna vyumba vya ghorofa vilivyotokeza nje, vyenye matundu ya bunduki. Watu waliovaa mavazi ya zamani wanaonyesha kazi: mhunzi anapuliza moto kwa mivukuto, wengine wanasokota nyuzi na kufuma kwenye mtambo wa mbao. Binti yangu alisimama kwa mhunzi mpaka tukamwacha hapo na baba yake.

Sisi wengine tulikaa kwenye kivuli cha ukuta nikawasimulia. Machi 1775, Boone na wanaume wapatao 30 wenye mashoka walifyeka njia kutoka mpakani mwa Tennessee ya leo, wakapita pengo la milima liitwalo Cumberland mpaka mto huu. Walikuwa wameajiriwa na Richard Henderson, mfanyabiashara wa ardhi kutoka Carolina Kaskazini. Alfajiri ya 25 Machi, wakiwa wamebakiza mwendo mfupi kufika, walishambuliwa wakiwa wamelala. Boone alimwandikia Henderson barua akamwambia kwamba mmoja wa wenzao, Bwana Twitty, ameuawa pamoja na mtumwa wake. Mtumwa huyo hakutajwa jina ndani ya barua. Masimulizi mengine yamelihifadhi: aliitwa Sam. Kwa hiyo kabla ukuta wa kwanza haujasimamishwa Boonesborough, mtu mweusi alikuwa ameshakufa kwa ajili yake bila kuulizwa kama anataka. Kijana wangu aliniuliza kaburi lake liko wapi. Nikamwambia hatukuja kwa ajili ya makaburi tu, asubiri, kuna wengine.

Wa pili ni Pompey, na huyu Mhariri naomba nimkalie, kwa sababu alikuwa mtu wa kazi yangu.

Pompey alikuwa mweusi aliyeishi na Washawnee, wenyeji wa asili waliokuwa na mji wao Chillicothe, ng'ambo ya mto Ohio, na ambao Kentucky ilikuwa nchi yao ya kuwindia. Alijua Kishawnee na Kiingereza, na alikuwa mkalimani wa chifu wao, Blackfish. Februari 1778 Boone na wenzake zaidi ya 20 walikuwa Blue Licks wakipika chumvi ya kupeleka bomani. Wakatekwa. Washawnee wakakaa baraza kuamua kama mateka wauawe au waachwe hai. Pompey aliketi karibu na Boone akimnong'oneza kila kinachosemwa, na Boone alipopewa ruhusa ya kujitetea, maneno yake yalipita mdomoni mwa Pompey kabla ya kufika kwa waamuzi. Inasimuliwa kwamba kura 59 zilitaka wauawe, na 61 zikataka waachwe.

Nimewahi kukaa katikati ya daktari na mama ambaye mtoto wake alikuwa haamki. Nimewahi kusimama mahakamani pembeni ya kijana aliyekuwa anaweza kurudishwa alikotoka. Mkalimani haongezi wala hapunguzi. Mgonjwa akisema "naogopa", mimi nasema "naogopa", sisemi "anasema anaogopa". Neno moja ukilikosea, mtu mwingine analilipia. Najua jinsi koo linavyokauka, na jinsi baada ya kazi kila mtu anashikana mikono na kila mtu, nawe unakusanya mkoba wako unaondoka. Kwenye faili mara nyingi huandikwa namba yako tu. Nilipofika kwenye tofauti ile ya kura mbili, niliacha kusoma kwa muda. Watu zaidi ya 20 waliishi, na mmoja wao Wamarekani wamemjengea sanamu na kuyaita miji na wilaya kwa jina lake. Yule aliyebeba maneno yake hawamjui.

Boone alichukuliwa Chillicothe, akafanywa mtoto wa Blackfish, akapewa jina la Sheltowee, yaani Kobe Mkubwa. Juni akatoroka kurudi Boonesborough kuwaonya. Septemba 1778 Blackfish alikuja na watu wapatao 400, pamoja na Wafaransa wachache kutoka Detroit, maana hii ilikuwa ndani ya vita vya Marekani na Uingereza na Waingereza walikuwa nyuma yao. Aliyetangulia mbele ya boma na bendera nyeupe, akamwita Boone kwa jina, alikuwa Pompey. Yeye ndiye aliyesimama uwandani, bunduki za boma zote zikimtazama, akisema kwa niaba ya wote waliokuwa nyuma yake.

Mazungumzo yalivunjika, risasi zikaanza, na boma likazingirwa kwa zaidi ya wiki. Washawnee walichimba njia ya chini kwa chini kutoka ukingo wa mto kuelekea ukutani; watu wa ndani waligundua kwa kuona maji ya mto yamechafuka kwa udongo. Mvua kubwa ikanyesha, ile njia ikaporomoka, wakaondoka. Mama yangu, ambaye nilikuwa namfasiria kidogo kidogo, alitikisa kichwa kwa hiyo mvua. Alisema wangemuuliza mtu anayejua udongo.

Pompey aliuawa katika mapigano hayo. Masimulizi ya nani alimpiga yanapingana, na wapo waliompa Boone sifa hiyo. Inasimuliwa pia kwamba aliponyamaza, walowezi walipaza sauti kuuliza kwa kejeli Pompey yuko wapi. Wakajibiwa kwanza amekwenda kuwinda nguruwe, baadaye wakaambiwa amelala, na mwishowe kwamba amekufa. Ndani ya boma waliouawa walikuwa wawili. Mmoja wao alikuwa mtumwa aitwaye London, aliyeshika bunduki usiku kuwalinda watu wale wale waliommiliki.

Kijana wangu alikaa kimya, kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri tangu tutoke nyumbani: "Sasa kati ya Pompey na London nani alikuwa upande wetu?" Sikumpa jibu la mkato. Nilimwambia wote wawili walikuwa watu, na kila mmoja alikuwa na mambo aliyopewa na mambo aliyochagua, na kwamba mmoja aliishi huru kwa Washawnee kwa kadiri tunavyojua na mwingine hakuwa huru hata siku ile aliyokufa. Tulibishana. Binti yangu alirudi kutoka kwa mhunzi akajiunga na ubishi. Mama akaingilia kwa swali lake, ambalo lilikuwa zito kuliko yote: "Na ile inchi yenyewe ilikuwa ya nani?"

Nikamweleza. Henderson aliinunua kwa Wacherokee, wenyeji wengine wa asili, mahali paitwapo Sycamore Shoals, Machi 1775, ekari zinazokadiriwa milioni 20, kwa bidhaa na fedha. Washawnee hawakuulizwa. Baadhi ya Wacherokee wenyewe walipinga. Serikali ya Virginia nayo ilikuja kuufuta ununuzi huo mwaka 1778, si ili ardhi irudishwe kwa wenyewe, bali kwa sababu Virginia iliitaka. Mama alisikiliza mpaka mwisho akasema kwamba kwetu Fizi pia watu wameuza mashamba ya wenzao waliokimbia. Nami nakubali. Ukiwa umefukuzwa kwenye ardhi yako, huwezi kulitazama boma hilo kwa macho ya walio ndani peke yao.

Wa mwisho niliyewasimulia ni Monk Estill, na huyu watoto walimpenda zaidi, labda kwa sababu alipona. Alikuwa mtumwa wa James Estill, mwenye boma dogo si mbali na hapo. Monk alijua kutengeneza baruti. Shura, ile chumvi inayotoka kwenye udongo wa mapangoni, aliipata katika pango la wilaya hii ya Madison, akaichanganya na makaa na salfa, na baruti yake ilitumika mpaka Boonesborough. Machi 1782 Wawyandot, nao wenyeji wa asili, walimkamata karibu na boma la bwana wake. Aliwaambia kwamba ndani kuna askari wengi, wakati wanaume walikuwa wametoka karibu wote, nao wakaacha kushambulia. Siku chache baadaye, katika mapigano yaliyomuua James Estill, Monk alitoroka, na inasimuliwa kwamba alimbeba mgongoni mlowezi mmoja aliyejeruhiwa, James Berry, kwa maili kama 25. Akapewa uhuru. Anatajwa kuwa mtumwa wa kwanza kuachiwa huru Kentucky. Kijana wangu mara akamchukua mdogo wake mgongoni kuona kama anaweza kuvuka uwanja wa boma. Alivuka.

Sasa ndugu yangu uliyeandika barua ile, uliuliza tunafuata nini kule. Tunafuata hili. Mtoto anayesikia habari za Pompey akiwa darasani, kama atazisikia, atapata mstari mmoja wa mtihani. Akizisikia akiwa amekaa kwenye ukuta wenye matundu ya bunduki, na asubuhi yake ametoka kwenye hema lililofungwa na bibi yake, atakuwa nazo. Hakuna mtu aliyetukaribisha Boonesborough kama wageni, na sikutaka tukaribishwe hivyo. Watu weusi walikuwepo tangu kabla ya ukuta.

Nawasihi wenzangu, Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Watanzania na Wakenya mlioko huku: muwapeleke watoto. Kila jimbo la Marekani lina hifadhi zake, na nyingi zina kitu cha zamani ndani, boma, kinu, mgodi, shamba la watumwa, reli. Someni kabla ya kwenda, na mkifika waulizeni waongozaji kwa majina: mtumwa fulani alilala chumba gani, mkalimani alikuwa nani, nani alipika. Wanapoulizwa mara nyingi, maswali hayo huingia katika maelezo yao ya kila siku. Wasipoulizwa, wataendelea na yale ambayo wageni wote huuliza.

Najua si kila mtu ana wikendi. Wengi wetu tuko kwenye maghala na viwanda, zamu za usiku, Jumamosi ndiyo yenye malipo mazuri. Mume wangu alibadilishana zamu na mwenzake mapema sana ili tuipate hiyo. Kuhusu kanisa, ambalo barua yako ililitaja, Jumapili tulisali pale pale kwenye meza ya kiwanja, tukaimba kwa sauti ya wastani kwa sababu kuna saa za utulivu, na mama ndiye aliyeongoza.

Mambo machache kwa anayekwenda mara ya kwanza. Kuni msibebe kutoka nyumbani. Kuna mdudu wa kijani kutoka Asia anayeua miti ya huku iitwayo ash, na husafiri ndani ya kuni, kwa hiyo nunueni pale pale. Wakagueni watoto kupe kila jioni, nyuma ya masikio na magotini. Usiku wa karibu na mto ni baridi hata kiangazi, na godoro la upepo bila blanketi chini yake halikusaidii. Bugali hupikika vizuri sana juu ya moto huo mkisawazisha mawe. Ndagala nao, ingawa mtaulizwa na majirani ni nini kinanukia.

Mipango yetu ya mbele ni Camp Nelson, wilaya ya Jessamine, kusini mwa Lexington, ambako tangu 2018 ni eneo la kumbukumbu ya taifa. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe wanaume weusi wapatao 10,000 waliandikishwa jeshini hapo, wengi wakiwa watumwa waliotoroka, na wake na watoto wao wakawafuata. Novemba 1864, katika baridi kali, mkuu wa kambi aliamuru wake na watoto hao watolewe na vibanda vyao vibomolewe. Walikuwa watu 400, na 102 wakafa. Kelele zilizopigwa ndizo zilizosababisha makazi ya wakimbizi yajengwe hapo hapo, na Machi 1865 bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwaachia huru wake na watoto wa askari weusi. Mama yangu ameniomba nimpeleke. Tumepatana na familia mbili za Warundi tunaoishi nao mtaa mmoja, na tutakwenda shule zikifungwa. Hiyo ni safari ya kwenda na kurudi siku moja, hakuna hema. Familia yoyote ya Lexington au Louisville inayotaka kuungana nasi itupate kanisani au kwenye mikutano ya jumuiya. Nafasi kwenye magari ipo, na kila mmoja aje na chakula chake.

Mkalimani wa Kiswahili,
Lexington, Kentucky, Marekani